Nguo za Ijumaa Kuu

Salomé Klingenmeyer alikuwa mwanamke wa kujisikia, na hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Shule aliianza kwa Kifaransa, vita vikaja, akaiendeleza kwa Kijerumani, na muda wote huo nyumbani walikuwa wakiongea Kialsace, lugha ya mkoa wetu ulio mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Ndiyo maana alizoea kusema kwamba ana elimu ya serikali mbili na cheti hana hata kimoja. Baba yake alimtoa darasani mara alipoweza kubeba kikapu cha zabibu mgongoni bila kuyumba. Hata hivyo, tenzi za Kilutheri alizijua ubeti kwa ubeti, zikiwemo zile ambazo mchungaji mwenyewe alikuwa akichungulia kitabuni, na pale mchungaji alipochungulia, Salomé alipaza sauti makusudi.

Mumewe, Emil, alikuwa amekufa zamani. Binti yake aliishi Lyon na alipiga simu kila Jumapili. Kilichobaki kumchangamsha Salomé kilikuwa adui. Alikuwa naye mmoja tu, lakini wa uhakika: Philomène Gstalter, mjane kama yeye, Mkatoliki wa kutupwa, aliyekaa ng'ambo ya ua.

Ua ulikuwa mmoja, nyumba mbili, na katikati kamba moja ya kuanikia nguo tangu enzi za mama wakwe zao. Sisi watu wa Niederlauten tuna kanisa moja na madhehebu mawili. Wakatoliki huingia kwanza, Walutheri hufuata, na kila upande huapa kwamba ni ule mwingine unaoacha mlango wazi na kupoza mabenchi. Hatupigani, sisi ni wastaarabu. Tunaanika nguo. Ijumaa Kuu, siku ambayo Mlutheri anayejiheshimu hashiki hata sindano, Mkatoliki hufua. Na katikati ya mwezi wa nane, Wakatoliki wanapoadhimisha Kupalizwa kwa Bikira Maria kwa maua na maandamano, Mlutheri naye hukumbuka ghafla kwamba mashuka yake ni machafu.

Philomène alikuwa bingwa wa mchezo huo. Ijumaa Kuu alianika chupi zake. Zilikuwa chupi za kizamani, nyeupe, pana kama foronya, na aliziweka mbele kabisa ya dirisha ambalo Salomé alisimama kuvaa kofia yake nyeusi ya kanisani.

"Philomène! Leo Bwana wetu amesulubiwa!"

"Najua. Nimefua kwa machozi."

Siku za kawaida walikuwa na maongezi mafupi zaidi. Philomène aliamka na kuku. Kama jua limechomoza na mbao za madirisha ya Salomé bado zimefungwa, sauti ilivuka ua: "Wewe Mlutheri! Umekufa au umelala?"

"Nimekufa! Njoo unizike!"

"Makaburi yenu yamejaa!"

Ndipo Salomé alipofungua mbao zake kwa kishindo, damu imeshachemka, tayari kuianza siku.

Majira fulani ya kuchipua Philomène aliteleza kwenye ngazi za ghalani akavunjika nyonga. Wakampeleka hospitali. Mwanawe, Aloyse, mtu mzima mwenye duka la vigae mjini Haguenau, akaanza kuuliza kijijini: je, kuna mtu wa kumwangalia mama akirudi? Asipopatikana, atampeleka nyumba ya wazee, na baada ya mavuno ya zabibu nyumba ya uani itauzwa.

Wiki hizo hizo meya wetu, Bwana Arbogast, akatangaza kwamba Niederlauten imechaguliwa. Kuchaguliwa kwa nini, hakuna aliyejali. Kuchaguliwa tu kulitosha, maana kijiji cha jirani hakikuchaguliwa. Wakubwa wa Ulaya kule Strasbourg walikuwa wameamua kwamba serikali zisijipime kwa viwanda na biashara peke yake. Shabaha yao iwe ustawi wa jamii. Tatizo lilikuwa dogo tu: kila mmoja aliulizwa ustawi wa jamii ni nini hasa, na kila mmoja akajibu lake. Basi wakatuma watu wakawaulize wenye maisha yao.

Kwetu alikuja Bi Godelieve, Mbelgiji mrefu mwenye viatu vya kutembelea milimani. Akatugawa ukumbini: vijana kona ile, wenye watoto wadogo kona hii, wakulima wa mizabibu karibu na mlango kwa sababu ya buti zao, na wazee karibu na jiko la kupasha moto.

"Kila kundi likubaliane sentensi moja," akasema. "Ustawi kwenu ni nini? Halafu kijiji kizima kitachagua moja muijaribu mwaka mzima, nasi tujifunze kwenu."

Kundi la wazee halikuchukua muda. Ernest, aliyewahi kuwa mpiga kengele, ndiye aliyelisema: mzee asaidiwe kubaki kwenye nyumba yake. Wote wakaitikia kwa kichwa. Wote walikuwa wakimfikiria Philomène, ila hakuna aliyemtaja, kwa sababu Aloyse alikuwa ameketi nyuma kidogo, kofia magotini, anasikiliza.

"Nani atasema?" Ernest akauliza, huku akijiweka sawa kusimama.

"Mimi," akasema Salomé. "Wewe unatafuna maneno."

Akasimama, akanyoosha koti. Ukumbi ukanyamaza, na ukimya ule ulimwingia kichwani kama mvinyo mpya wa mavuno. Hata mchungaji mimbarini hakupata kusikilizwa hivi.

"Bibi," akaanza Bi Godelieve, "kabla ya sentensi yenu, hebu tuambie kwanza kinyume chake. Kukosa ustawi ni nini?"

Salomé alikuwa na jibu la heshima mdomoni kabisa. Lakini nyuma ya ukumbi kijana mmoja alikohoa, naye akaogopa asije akaonekana bibi wa kuchosha.

"Kukosa ustawi," akasema, "ni kuvaa kofia ya kanisani Ijumaa Kuu, kuinua macho, na badala ya mbingu kuziona chupi za Philomène Gstalter."

Ukumbi ulilipuka. Wakulima walipiga buti sakafuni. Meya alifuta machozi. Hadi padre alicheka, akijifanya anapenga kamasi.

Hapo ndipo Salomé alipopotea. Angeweza kuketi. Angeweza kuisema sentensi ya Ernest na kuketi. Badala yake akaeleza upana wa chupi, kwa mikono. Akaeleza jinsi upepo unavyozijaza. Akamwigiza Philomène akisema "nimefua kwa machozi," na alipochekwa akamwigiza tena. Ernest alimvuta pindo la koti mara mbili, yeye akadhani anashangiliwa.

"Kwa hiyo kwenu ustawi ni…" Bi Godelieve akajaribu kumsaidia.

"Ustawi ni utulivu!" akasema Salomé, mkono juu, akakaa, amevimba kama mkate wa chachu.

Kijiji kikachagua utulivu. Ndiyo sentensi pekee iliyowachekesha watu. Sentensi ya wazee haikusemwa na yeyote.

Mlangoni Aloyse alimsubiri. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomkera Salomé baadaye.

"Umetuchekesha, mama Klingenmeyer."

"Nilitia chumvi kidogo tu, mwanangu."

"Hapana, umenisaidia. Nilikuwa sijui la kufanya. Sasa naona mama hana jirani." Akavaa kofia yake, akaenda.

Wiki iliyofuata Philomène alitolewa hospitali akapelekwa moja kwa moja nyumba ya wazee kule Haguenau. Mbao za madirisha yake zikafungwa, na kijiji kikaanza kutulia kama kilivyoamua. Kengele ya mnara ikakoma kupigwa usiku; wazee wote wakawa wanaamka kusikiliza kama imekoma kweli. Jogoo wa Ernest akahamishiwa kwa mpwa wake. Kuanika nguo upande wa barabara siku za sikukuu kukapigwa marufuku. Meya alikuwa akikutana na watu njiani na kuwauliza kama wanasikia utulivu, nao wakajibu ndiyo, kwa adabu, kama watu walio msibani.

Salomé alijiambia kwamba ameshinda. Kushinda huko alikungojea kukufaidi mwezi wa nane. Siku ya Kupalizwa alifua kila kilichofulika. Alifua mashuka, mapazia ambayo hayakuwa na doa, na mavazi ya kazi ya marehemu Emil yaliyokaa sandukuni miaka. Marufuku ilihusu barabara, ua haukutajwa. Akajaza kamba mwanzo hadi mwisho, akageukia nyumba ya pili mikono kiunoni, kusubiri.

Zile mbao za kijani hazikufunguka. Walikuwa na misemo yao ya siku hiyo. Philomène angetoa kichwa na kusema, "Hizo ndizo safi au bado hujafua?" naye Salomé angejibu kwamba Bikira Maria mwenyewe alikuwa mfuaji mzuri na angemwelewa. Jibu alikuwa nalo. Alilisema hata, kwa sauti ndogo, akasikia upuuzi wake. Maandamano ya Wakatoliki yakapita barabarani yakiimba, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kutazama uani.

"Mwanamke mzima," akajiambia, "unaanikia ukuta suruali za maiti." Akazianua zingali zinadondosha maji.

Haikupita muda akashikwa na homa ya kiangazi, ile inayolegeza magoti. Asubuhi hakuamka. Alilala gizani, mbao zimefungwa, akasikia malori ya shambani yakipita, akasikia gari la posta, akasikia kengele ya adhuhuri. Masikio yake, alikuja kugundua, yalikuwa yakisubiri sauti moja tu. Umekufa au umelala. Hakuna aliyeuliza. Homa ilipopungua jioni akakaa kitandani akacheka mwenyewe, kicheko cha uchungu. Ameomba utulivu mbele ya kijiji na mbele ya Ulaya nzima, na amepewa. Angekufa mle ndani, watu wangesema, angalia mama Klingenmeyer anavyoutunza ustawi.

Alipopata nguvu akaoka keki ya kugelhopf, akapanda basi kwenda Haguenau.

Philomène alikuwa kwenye kiti chenye mito, karibu na dirisha lisilofunguka. Alikuwa amepungua. Muuguzi mmoja alipita akamgusa bega: "Mpenzi wetu leo amepata mgeni!"

Philomène alingoja hadi muuguzi afike mbali. "Umesikia? Mpenzi. Kutwa nzima. Wote wapole. Sijapata kuteswa hivi maishani."

"Unakula?"

"Nakula. Nikisema supu ni mbaya wanasema pole. Nikisema nzuri wanasema vizuri sana. Huwezi kugombana na mtu hata kidogo humu." Akaitazama keki. "Umeiunguza chini."

"Tanuri ni lile lile."

"Na mpishi ni yule yule." Akavunja kipande, akatafuna taratibu. "Nimesikia uliwachekesha watu kwa chupi zangu."

Salomé alikuwa amejiandalia maneno ndani ya basi. Yalikuwa maneno mazuri, yenye staha. Sasa yote yalimpotea, maana hakuwahi kumwomba mtu huyu radhi, na mdomo wake haukujua njia.

"Ni kubwa kweli," akasema.

"Zilikuwa za mama mkwe. Kitani safi. Haziishi." Philomène akageuza uso dirishani. "Aloyse amepata mnunuzi wa nyumba. Watu wa mjini. Watang'oa ile kamba, wanataka kuweka meza na mwavuli."

"Ni kamba yangu pia."

"Basi waambie."

Mtu alikuwa akipiga kinanda chumba cha pili, wimbo uleule, na kuukosea palepale.

"Yule Mbelgiji anarudi kabla ya mavuno," akasema Salomé mwishowe. "Anataka kujua kama sentensi yetu bado tunaisimamia. Nitasema kitu."

"Utasema nini?"

"Sijui bado."

"Usinihurumie tu, Salomé. Nakuonya. Ukinihurumia mbele za watu, sirudi hata wanibebe."

Bi Godelieve alirudi na viatu vyake. Ukumbi ulijaa kupita mara ya kwanza; watu walikuwa na hamu ya kelele. Salomé aliposimama, kicheko kilianza kabla hajafungua mdomo, na mkulima mmoja akapiga kelele, "Chupi, mama! Tupe chupi!"

Zamani kidogo angefurahi. Sasa alihisi uso unawaka hadi masikioni. Aloyse alikuwa nyuma, kofia magotini kama siku ile.

"Mara ya kwanza nilisema ustawi ni utulivu," akaanza. "Ernest hapa alinipa maneno ya maana nikayakalia, kwa sababu mlikuwa mnanicheka nami nikapenda. Huo utulivu nimeuonja. Niliumwa siku nzima na hakuna aliyenisumbua. Nilikuwa nimestawi hadi karibu kufa."

Kicheko kikatoka, lakini kidogo, kikaisha chenyewe.

"Bibi," akasema Bi Godelieve, "sasa ungesemaje?"

"Ningesema ustawi ni kuwa na mtu ambaye hawezi kuianza siku yake bila kujua kama wewe umeamka. Si lazima akupende. Wa kwangu hanipendi. Wa kwangu ananitukana kila asubuhi, na nilikuwa nafungua madirisha haraka ili nimjibu."

Bi Godelieve akawaza. "Hilo linaeleweka. Lakini serikali haiwezi kuamuru watu watukanane. Kijiji chenyewe kitafanya nini?"

Hili Salomé hakulitarajia. Akatazama chini, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetafuta njia gizani: "Kila nyumba iangalie mbao za madirisha ya nyumba inayoielekea. Zisipofunguka, uite. Na yule mtu asilolimudu kwa mikono yake, wewe ulifanye."

"Lipi?" Aloyse aliuliza kutoka nyuma.

"Lolote."

"Kumpikia?"

"Lolote, mwanangu. Kumpikia, kumbebea kuni, kumfulia. Bila kumuuliza la nini."

"Na wewe mwenyewe utamfanyia mama?"

"Sitamfanyia kwa furaha," akasema Salomé. "Lakini nitamfanyia."

Ernest akaanza kupiga makofi, peke yake, polepole. Padre akafuata. Kisha mchungaji, ambaye hakutaka kupitwa na padre. Kura ilipopigwa, mikono iliyoinuliwa kwa ajili ya utulivu ilikuwa michache, na wenyewe wakaishusha.

Aloyse alimfuata mlangoni tena. Safari hii alizungusha kofia mikononi kwa muda kabla ya kusema kwamba atawaambia wale watu wa mjini watafute ua mwingine.

Philomène alirudi na kigari chake cha kushikilia, mapipa ya mvinyo mpya yakiwa bado yananuka. Kijiji kilifanya kama kilivyosema, kwa namna yetu. Wengine walichungulia mbao za wenzao kwa upendo, wengine kwa umbea, na mzee akikawia kuamka alipigiwa kelele na nyumba tatu. Jogoo wa Ernest alirudi mnene. Kutoka Strasbourg tulisikia kwamba sentensi ya Salomé imeingia kwenye kazi ya wakubwa, ila imepigwa pasi: sasa inazungumzia mahusiano ya kijamii na mtu kutambuliwa na wenzake. Salomé aliposomewa alisema ni nzuri sana, na kwamba asingejua ni yake.

Kipindi chote cha baridi alivuka ua na kufanya alichoahidi. Alipasua kuni, alimenya viazi, na aliambiwa makosa yake akiwa jikoni kwa mtu mwingine, jambo ambalo halikuwahi kumpata tangu azaliwe.

Kisha ikaja Ijumaa Kuu.

Alikuwa amesimama dirishani, kofia nyeusi mkononi, kengele ya kwanza inalia. Mlango wa pili ukafunguka. Philomène akatoka na kigari chake hadi kizingitini, na juu ya kigari kulikuwa na kapu.

"Salomé! Mabega yangu hayainuki."

Salomé alilitazama kapu. Alijua kilichomo kabla ya kuona weupe wake.

"Nitakuanikia kesho."

"Kesho ni Jumamosi tu. Kesho labda angeumia Myahudi wa Haguenau kwa Sabato yake, lakini Mlutheri asingeumia."

"Philomène, leo Bwana wetu amesulubiwa!"

"Najua. Na wewe ulisema lolote. Ukumbi mzima ulisikia. Ulisema bila kumuuliza la nini."

Hakuna aliyemsukuma. Amejipalia mkaa mwenyewe, tena kwa kusimama na kunyoosha koti. Salomé aliiweka kofia kichwani, akaipachika pini, kwa sababu kama ni kuaibika afadhali aaibike amevaa vizuri. Akavuka ua, akachukua kapu. Kitani kilikuwa kimefuliwa vizuri, hilo alilazimika kukiri. Akainua mikono, akabana ya kwanza. Upepo wa asubuhi ukaipokea papo hapo na kuijaza.

Barabarani Walutheri wote wa Niederlauten walikuwa wakipita kwa nguo nyeusi kwenda kanisani. Lango la ua lilikuwa wazi. Nani alilifungua, Salomé hakuhitaji kuuliza. Walipita wakipunguza mwendo. Ernest alivua kofia. Mchungaji aliinamisha kichwa kama mtu aliyeona jeneza, mabega yakimtikisika.

"Mbona unazielekeza ukutani?" Philomène akaita toka kizingitini. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa furaha, kama wa msichana. "Zigeuze zielekee barabarani!"

"Bibi wee, usinichoshe."

"Na hiyo ya mwisho imepinda!"

Salomé alivuta pumzi. Alikuwa na jibu, zuri, alilokuwa amelitunza tangu mwezi wa nane. Lakini mdomo wake ulikuwa umebana vibanio. Akaitengeneza iliyopinda, kisha akaenda kwenye ya kwanza, akaanza kuzigeuza.